Mtoto Anapokosolewa Kazi ya Mikono Yake



Watoto wetu wanaosoma kwa mtaala wa umilisi hurudi nyumbani na vitu walivyoviunda wenyewe, na baadhi yao hurudi pia na nyuso zilizonuna, kwa kuwa wenzao darasani wametakiwa kuzitathmini kazi hizo. Huenda mama akaona ni ukatili kumsimamisha mtoto mbele ya wenziwe akatolewa kasoro. Sisi hatuoni hivyo, mradi wakosoaji wafunzwe adabu ya kukosoa.

Chuo cha MIT, kilichoko Cambridge katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kina somo la utengenezaji ambamo wanafunzi wa uhandisi, makundi kwa makundi, hubuni yoyo ya plastiki na kuitengeneza kwa wingi. Kazi yaonekana ya kitoto, lakini sivyo. Plastiki huyeyushwa, ikasukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya metali, ikapoa, kisha ikatolewa. Ikipoa husinyaa. Polipropilini, ambayo hutumiwa sana kwa vyombo vya jikoni na vifuniko vya chupa, husinyaa kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2, na pengine zaidi kidogo; kipande cha milimita 50 chaweza kupungua milimita nzima. Milimita moja si kitu katika kushona kanzu, lakini kwa vipande viwili vinavyopaswa kubanana, ndiyo tofauti baina ya kushikana na kuchomoka. Penye unene mwingi plastiki hukawia kupoa, na uso wake ukabonyea. Ukuta uliosimama wima kabisa hung'ang'ania kalibu, ndiyo maana hupewa mwinamo wa digrii moja hivi ili kitu kitoke bila kukwaruzika. Kila aliyewahi kupindua keki iliyoganda kwenye chombo chake anaelewa.

Kwa sababu hiyo maoni ya wenzao hufaa zaidi yakija mapema, mchoro ungali karatasini. Kalibu ikishachongwa, kupunguza chuma ni rahisi. Kukirudisha kilichokwisha kuondolewa ni taabu na gharama. Mafundi wazoefu huacha chuma cha akiba pale wasipokuwa na uhakika, wakajaribu, kisha wakachonga tena kidogo kidogo.

Mwenzio akikwambia tu "nzuri, mashallah", amekufurahisha, hajakusaidia. Akisema ukingo huu unakata kidole, kamba inakwama hapa, kifuniko kimechomoka nilipokiangusha, hapo amekupa kitu cha kufanyia kazi. Kisemwe kitu, asisemwe mtu. Ni miongoni mwa haki za Mwislamu kwa nduguye kwamba akiombwa nasaha aitoe, na nasaha si sifa tupu wala si kejeli.

Na kabla ya nasaha, swali. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) aliona miongoni mwa wanasesere wa Bibi Aisha (r.a.) farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Hakumwambia kwamba farasi hana mabawa. Alimwuliza ni kitu gani kile, na ni nini kilicho juu yake, naye akajibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman waliokuwa na mabawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Laiti kila mkosoaji, mwalimu kwa mwanafunzi, angeanza kwa kuuliza "hiki ni cha nini?"

Anayekosolewa naye ana wajibu wake: anyamaze, aandike, apime baadaye. Si kila neno hufuatwa. Mmoja atataka yoyo iongezwe uzito ukingoni ili izunguke muda mrefu. Mwingine ataitaka nyepesi ili imudu mkono mdogo. Wote wawili wana haki, na mwenye kazi ndiye wa kuamua, kwa kujiuliza ni nani atakayeichezea.

Ila penye usalama wa mtoto mchanga hapana la kupimwa. Kwa kanuni za Marekani, vitu vya kuchezea vya watoto walio chini ya miaka 3 hupimwa kwa silinda ndogo yenye kipenyo cha milimita 31.7, kitu kinachoingia chote humo huhesabiwa kwamba chaweza kumkaba mtoto koo, na hesabu hiyo hujumlisha vipande vinavyomeguka baada ya kitu kuangushwa. Kasoro ya aina hii mbunifu ni nadra kuiona, kwa kuwa yeye anajua kitu chake hushikwaje. Huiona yule mwenzake aliye na mdogo anayetambaa nyumbani, anayetia kinywani kila akiokotacho. Mtoto huyo akinyamaza kwa kuogopa kumuudhi rafiki, urafiki umelindwa na koo la mtoto halikulindwa.

Mama apendaye kulijaribu jambo hili nyumbani, na amwambie mwanawe akiangushe kitu chake sakafuni mara kadhaa mbele ya nduguze. Wadogo waokote vilivyomeguka, kila mmoja aseme alichokiona, na mwenyewe aulizwe atabadilisha nini kabla ya kukirejesha shuleni Jumatatu.