Wanajieleza kwa Nani?

Mtu akipiga hodi usiku huulizwa, "Nani wewe?" Naye hujibu kwa lugha ya aliyemo ndani. Waandishi wetu wa siku hizi nao wanapiga hodi, kila mmoja na kitabu cha kutuambia yeye ni nani. Swali langu ni hili: mlango huo ni wa nani?

Tazama Rungwe. Wamoravian walifika huko mwaka 1891, na kwa miaka mingi Mnyakyusa alielezwa vitabuni na wageni. Mwaka 1951 Monica Wilson wa Afrika Kusini alitoa Good Company, juu ya vijiji vya marika, ambamo vijana wa rika moja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao. Kitabu cha maana. Lakini humo Mnyakyusa anasemwa, hasemi.

Kisha akaja mwana wa nyumbani, Godfrey Mwakikagile. Alizaliwa Kigoma mwaka 1949, akalelewa Rungwe, akasoma Kyimbila karibu na Tukuyu, akawa mwandishi wa gazeti Dar es Salaam, na mwaka 1972 akaenda Marekani. Ameandika vitabu vingi, na katika baadhi yake amejieleza mwenyewe na utoto wake. Hapo twampongeza, maana hakungoja mgeni amweleze. Lakini amejieleza kwa Kiingereza! Mtoto wa Kyimbila anayesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akitaka kumjua jirani wa babu yake, hana budi angoje mpaka Kiingereza kimkubali.

Utaniambia Kiingereza hufika mbali, na vitabu vya Kiswahili havina wanunuzi. Sikatai, na mwandishi naye hula. Lakini Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni mwenye asili ya Kiyao, aliandika Maisha Yangu kwa Kiswahili zama za Mwingereza, wasomaji wakiwa haba kuliko leo. Alifariki mwaka 1962, na mpaka sasa twamwita wetu bila kuuliza.

Na Abdulrazak Gurnah je? Riwaya yake Paradise ilitoka mwaka 1994. Kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, ilitufikia mwaka 2022, baada ya Nobel ya 2021. Miaka 28! Ilibidi watu wa Sweden watutambulishe mtu wa Zanzibar.

Basi utoto ule wa Kyimbila nao usingoje tuzo. Wafasiri tunao, Peponi ni shahidi.