Jipu si damu chafu

"Damu imechafuka." Hilo ndilo jibu utakalolipata hosteli ukimuuliza mtu jipu lake limetokana na nini. Tiba nayo inafuata hapohapo: vidonge vya rangi mbili alivyobakiza mwenzake wa chumba, viwili leo, viwili kesho, basi. Wengine wanafungua kidonge na kumwagia unga wake kwenye kidonda. Mimi naona tabia hii inatuponza, na serikali yetu ya wanafunzi nayo ina la kujibu.

Jipu kwa kawaida huletwa na bakteria aitwaye stafilokokasi. Daktari wa Scotland, Alexander Ogston, alimwona kwa hadubini kwenye usaha wa majipu mwaka 1880, na mwaka 1882 akampa jina hilo kutokana na neno la Kigiriki la kichala cha zabibu, maana hujikusanya hivyo. Takribani watu 3 kati ya 10 wanatembea naye puani bila kuumwa chochote. Shida inaanza akipata upenyo: mkwaruzo, au shina la nywele lililoumizwa na wembe.

Sasa tazama tunavyoishi. Chumba cha wanne wanalala saba kwa kubebana, mzungu wa nne. Taulo ni la yeyote aliyeliona kwanza, mashine ya kunyolea inazunguka korido nzima, na maji yakikatika siku tatu hakuna anayefua shuka. Bakteria wa aina hii anahitaji nini zaidi?

Kuna atakayesema, "Mbona mimi nilimeza nikapona?" Ndugu yangu, majipu mengi madogo hupona ukiyakanda tu kwa kitambaa chenye maji ya moto. Likiwa kubwa, linahitaji mhudumu wa afya alipasue usaha utoke. Kidonge kinapewa sifa isiyo yake. Tena Fleming aligundua penisilini mwaka 1928 akiwa anaotesha stafilokokasi hawahawa, lakini leo wengi wao wanatengeneza kimeng'enya cha kuivunja, na amoksilini ikiwa peke yake huvunjwa vilevile. Methisilini ilipoletwa mwaka 1959, ilipofika 1961 Uingereza walishapata stafilokokasi sugu kwake.

Dozi nusu inaua walio dhaifu na kuwaacha wenye nguvu, kisha taulo la kuazimana linawapeleka kwa mwingine. Huyo mwingine anaweza kuwa mama yako anayesubiri upasuaji. Bakteria hawa wakiingia kwenye damu hufika kwenye mifupa, mapafu, hata moyo, na hapo dawa ikigoma ni hatari ya kifo.

Najua foleni ya zahanati ni ndefu, na kabla ya bumu mfuko hauna kitu. Ndiyo maana nasema tuanze na yasiyo na gharama kubwa. Kila mtu na wembe wake na taulo lake. Kidonda kifunikwe, mikono ioshwe kwa sabuni, jipu lisikamuliwe, hasa la usoni. Ukiona homa, uvimbe unasambaa, au jipu liko usoni, nenda zahanati, usisubiri. Ukipewa dawa, meza kama ulivyoelekezwa, wala usimgawie mtu. Sisi wa Elimu ndio kabisa: tukienda mafunzo kwa vitendo tutakuta mabweni ambako wembe mmoja unanyoa darasa zima. Tutawafundisha nini watoto wale kama wenyewe tunaishi hivyohivyo?

Ila sabuni bila maji haioshi mkono. Kila kampeni tunaahidiwa bonanza na jezi mpya. Mwaka huu mgombea atakayegonga mlango wangu nitamuuliza swali moja tu: maji ya hosteli yatatoka kila siku kuanzia lini?