Kangomba ya Nyimbo

Hapa kwetu Chiungutwa, na katika vijiji vya Masasi mpaka kupanda juu Newala, kijana akipata fedha ya korosho akasema, "Nitafungua duka dogo la nyimbo, nami nitawalipa wenye nyimbo zao," watu humcheka. Lakini mwenzake akinunua kompyuta kuukuu, akaiweka kibandani kando ya njia, akawa anawajazia watu nyimbo katika memori kadi pasipo kumpa mwimbaji hata senti moja, huyo husifiwa kuwa amepata kazi, tena huitwa fundi. Mambo haya yamekaa kichwa chini miguu juu, wala sioni haya kuyasema, ingawa najua wengi wa wasomaji wangu wanabeba nyimbo za namna hiyo mifukoni mwao.

Sisi watu wa korosho twaijua kangomba; hatuhitaji kufundishwa. Mchuuzi huja na kibakuli chake mapema, wakati mkulima ana shida nyumbani, akampimia kwa bei ya dhuluma, akaenda zake na mali. Kwa ajili ya dhuluma za namna hii tuliletewa stakabadhi ghalani katika msimu wa 2007/2008, na mwaka 2018 Serikali iliwaandama watu wa kangomba kwa ukali mwingi. Twawachukia, na tuna haki. Walakini mtu wa kangomba humpa mkulima japo kidogo, naye mkulima amekubali, ingawa kwa kubanwa. Je, mwenye kibanda cha nyimbo humpa mwimbaji nini? Hampi kitu, wala hamwulizi. Kwaya huchanga mwaka mzima, hushona sare, hukodi gari, hulipia studio; nakala ya kwanza ikifika kijijini jioni, asubuhi imekwisha enea katika simu za watu. Waimbaji wakitoka na nakala zao kuziuza, huambiwa, "Tunazo." Nani aliwapa?

Husemwa, "Wimbo si korosho. Korosho ukiichukua, ghala hupungua. Wimbo ukiunakili, mwenyewe hubaki nao." Neno hili lina sura ya akili, na kwa sababu hiyo limewapoteza wengi. Kweli wimbo ule haupungui. Kinachopungua ni wimbo wa pili, ambao hautaimbwa, maana mwenyewe amerudi shambani kulipa deni la wimbo wa kwanza.

Tazameni mambo yalivyokuwa katika nchi zetu hizi. Siti binti Saad wa Unguja alipotia sauti yake katika sahani za gramafoni mwaka 1928, ilimlazimu kuvuka bahari mpaka Bombay. Baadaye walitokea wenye maduka huku kwetu waliothubutu. Mombasa palikuwa na duka la Assanand & Sons. Hawakungoja sahani kutoka ng'ambo tu. Walitoa za kwao, wakaziita Mzuri, na katika chapa hiyo zilitoka nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro. Salum Abdallah alikufa mwaka 1965. Nyimbo za chapa hiyo zilikuja kutolewa tena Ulaya baada ya miaka mingi, na mtu wa leo aweza kuzisikia. Nairobi nako, mwaka 1971, P. L. Daudia alifungua duka la Melodica, likauza santuri na kutoa nyimbo kwa chapa zake. Miaka zaidi ya arobaini baadaye lilikuwa lingali wazi. Hao walikuwa wachuuzi, si wafadhili. Walitaka faida, na sina hakika kwamba kila mwimbaji alitoka kwao akicheka. Lakini nyimbo zilipata nyumba.

Sasa angalieni upande wetu wa Tanzania. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyekufa mwaka 1979, zilichapwa Nairobi. Na mpaka ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo nayo ikazibwa. Bendi zetu zikapiga katika Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda ikabaki kabatini mwa redio, na mwenye kutaka wimbo nyumbani akaunasa redioni kwa kaseti yake. Akamnakilia jirani, kisha akatokea mtu wa kunakili kwa bei. Vibanda vyetu ni watoto wa watu hao. Na nyimbo ngapi za wakati ule hazikupata kuwa santuri hata moja!

Wapo wanaosema kwamba duka la nyimbo ni jambo lililokufa duniani. Si kweli. Marekani, mwaka 2020, fedha zilizopatikana kwa santuri zilizidi zile za CD, jambo lisiloonekana tangu miaka ya 1980. Lakini simwambii mtu auze santuri Chiungutwa. Nani ana kinanda cha kuzipigia? Nasema duka, yaani mahali penye mtu anayejulikana, mwenye daftari, aliyeandikiana na waimbaji kwa mkono wao kwamba kila nakala itakayouzwa, fungu hili ni lao na fungu hili ni lake. Auze kwa memori kadi, auze kwa simu, ni mamoja. Na akiwa na kinasa sauti kizuri, awaendee wapiga sindimba na waimbaji wazee ambao studio za mjini hazina habari nao. Hapo ndipo penye mali yake, maana vitu hivyo havipatikani kwa mwingine.

Wazee waliniambia, "Duka hilo litaleta nyimbo za upuuzi." Zimekwisha kuja, baba zangu, ziko kibandani, wala hamjui nani wa kumwuliza. Mwenye duka mtamwuliza. Katika neno moja nawafuata wazee pasipo ubishi: nyimbo za jando na unyago zisiuzwe, wala zisinaswe. Zina wenyewe na zina mahali pake, na kijana atakayezitia sokoni kwa tamaa ya fedha afungiwe duka siku hiyo hiyo, nami nitashika kufuli.

Sheria ipo. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mwaka 2013 ziliwekwa stempu za kodi kwa CD na kanda za picha. Lakini polisi hatakuja kupekua kila memori kadi ya Masasi, wala sitamani siku hiyo ije. Sisi wanunuzi ndio tunaokilisha kibanda. Kwaya zetu na zianze: kabla ya kwenda studio tena, zimtafute kijana mmoja mwaminifu, ziandikiane naye, zimpe yeye peke yake kuuza, na zitangaze jina lake mbele ya watu. Na mtu akija kwako akisema, "Nitakurushia wimbo mpya wa kwaya, ninao," mwulize ameununua kwa nani.