Ukwato Hujengwa kwa Chakula

Mbuzi wa Musoma, Bunda na Butiama hafugwi kwa ajili ya manyoya, bali kwa nyama na kwa fedha ya dharura. Hata hivyo ukwato wake ni mali, kwani mbuzi anayechechemea hafiki malishoni wala majini. Ukwato na manyoya hujengwa kwa protini moja, keratini, yenye salfa nyingi itokanayo na amino asidi mbili: sistini na methionini.

Je, yafaa basi mfugaji anunue amino asidi hizo dukani? Mwaka 1963 Reis na Schinckel, huko Australia, walionyesha kwamba zikitiwa moja kwa moja katika tumbo la nne la kondoo, sufu huongezeka. La kuzingatia ni mahali zilipotiwa. Zikipitia mdomoni, sehemu kubwa huvunjwa na vijidudu vya tumbo la kwanza.

Kwa hiyo budi kuvilisha vijidudu hivyo, maana miili yao ndiyo protini kuu ya mbuzi. Wakati wa kiangazi nyasi kavu hazivitoshi. Mashudu ya pamba, zao la Bunda, pamoja na majani ya jamii ya mikunde, ni bora kuliko pakiti ya dukani. Lukina isizidi theluthi ya chakula, kwa sababu sumu yake, mimosini, hupukutisha manyoya.

Ama ukwato uliokwisha kurefuka kupita kiasi, huo dawa yake ni kisu, si chakula.