Burigi-Chato: Mgeni akitazama na kupita, Mbuba itapata nini?

UAMUZI wa Serikali wa mwaka 2019 wa kuyaunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707, ulizaa swali gumu: mgeni akishaingia humo, saa zake atazitumia kufanya nini?

Jibu lina uzito zaidi kwa wakazi wa Mbuba, wilayani Ngara, kuliko kwa maofisa wa utalii. Anayezunguka kwa gari, akapiga picha za twiga na kuondoka kabla ya jua kuzama, huacha kiingilio langoni basi. Anayelala ndiye anayenunua ndizi na samaki.

Mgeni wa Serengeti hufuata nyumbu, hahitaji kushawishiwa alale. Burigi haina msafara huo, na sababu inafahamika. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakakusanyika Benaco. Kambi zilihitaji kuni na kitoweo. Wanyama wa Burigi na Kimisi wakapungua mno kabla ya wakimbizi hao kurejeshwa kwao Desemba 1996. Majambazi nao wakaingia. Kwa miaka mingi mabasi yalipita pori hilo yakisindikizwa na polisi wenye silaha, na abiria walikuwa na hamu moja tu, kutoka humo salama.

Kwa hiyo kuiga Serengeti ni kosa, hata kama simba kadhaa walihamishiwa Burigi mwaka 2020. Utajiri wa hapa ni ziwa: boti alfajiri, ndege wa majini, ndoana, matembezi ya miguu pamoja na askari. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, kimeonyesha njia; mgeni huwafuata sokwe kwa miguu au huvua sangara, na kazi hiyo haimalizwi kwa saa mbili.

Kuna pia wageni wasiohesabiwa. Kila Desemba wenyeji wa Ngara waishio Mwanza na Dar es Salaam hurudi kuwaona wazee, wakipita kando ya hifadhi kwenda na kurudi. Nauli wamekwisha kulipa, na watoto wanao. Safari ya nusu siku ziwani, kwa bei ya familia, ingewasimamisha wengi wao.