Ndizi zilivuka Namanga, mtoto akarudi

Dada mmoja mkazi wa Sakina, jijini Arusha, alifunga safari Jumamosi moja ya likizo ya Juni kwenda Kitengela, Kenya, kumwona mdogo wake aliyekuwa amejifungua. Ndani ya gari kulikuwa na mkungu wa ndizi za kumpikia mzazi mtori, mchele, kaka yao aliyekuwa akiendesha, na binti wa miaka tisa. Binti huyo ni mtoto wa kwanza wa yule mzazi. Anaishi na bibi yake Usa River kwa sababu ya shule, na wiki nzima alikuwa akihesabu siku za kumwona mama yake na mtoto mchanga.

Walipofika Namanga, watu wazima walitoa pasipoti. Mtoto alikuwa na ripoti ya shule.

“Wewe ni nani yake?” afisa aliuliza.

“Mama yake mkubwa.”

“Na mama yake mzazi?”

“Yuko Kitengela, ndiko tunakokwenda.”

“Barua yake iko wapi?”

Barua haikuwapo. Cheti cha kuzaliwa nacho kilikuwa Kitengela, ndani ya sanduku la mama. Wakapiga simu, mama akaongea huku analia, lakini sauti ya kwenye simu si kitambulisho. Mwisho wake kaka aliendelea na safari pamoja na ndizi, na mama mkubwa akapanda Noah kurudi Arusha na mtoto aliyekuwa amevaa gauni jipya.

Ndugu walimlaumu sana yule afisa. Kwa haki kabisa, hakustahili lawama. Wapo watoto wanaovushwa mipaka ya Afrika Mashariki kwenda kufanyishwa kazi za ndani au kukalishwa barabarani kuombaomba, na mara nyingi anayewavusha hujitambulisha kama shangazi au mama mkubwa. Afisa hana namna ya kuutofautisha upendo na uongo kwa kuangalia sura. Anaangalia karatasi.

Kwa hiyo mzazi anayepanga kwenda Nairobi na watoto aanze na mtoto, si na gari. Mtoto, hata wa kunyonya, anahitaji hati yake ya kusafiria. Kama fedha ya pasipoti haijapatikana, ipo hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji, ambayo bei yake ni nafuu na inatosha kwa safari fupi kama hii. Ili aipate, lazima awe na cheti cha kuzaliwa. Kadi ya kliniki haitoshi, wala tangazo la kizazi la hospitali. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, mwingine aandike barua ya ridhaa, aweke namba ya simu na nakala ya kitambulisho chake. Akisafiri na ndugu, wazazi wote wawili waandike. Barua iliyogongwa muhuri wa wakili au ya serikali ya mtaa ina uzito kuliko ya mkono mtupu. Kama mzazi mmoja ni marehemu, cheti cha kifo kiwekwe kwenye bahasha hiyohiyo, maana swali hilo litaulizwa mbele ya mtoto na ni vizuri lijibiwe kwa karatasi bila maneno mengi.

Wengine husikia kwamba Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa, wakadhani kitambulisho cha NIDA nacho kitawavusha Namanga. Tanzania haimo katika mpango huo. Viza haihitajiki kwa mwananchi wa Afrika Mashariki, na ule utaratibu wa kibali cha mtandaoni ambao Kenya iliuanza Januari 2024 kwa wageni haumhusu Mtanzania. Lakini hati ya kusafiria ni lazima.

Yapo pia mazoea ya kupita pembeni, hasa kwa wenye ndugu Longido na Kajiado ambao kwao mstari wa mpaka umepita katikati ya ukoo. Kwenda kumsalimia shangazi ng’ambo na kurudi jioni kunaonekana jambo dogo. Ubaya wake hujitokeza mtu akiugua au akipata ajali akiwa Nairobi: yuko nchi ya watu, na hakuna muhuri unaoonyesha aliingiaje.

Kadi ya homa ya manjano ibebwe kwenda na kurudi, kwa sababu dawati la afya linaweza kuidai upande wowote. Chanjo ichomwe mapema, maana cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Mwenye kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 asiwe na wasiwasi: tangu Julai 2016 chanjo moja inahesabika ya maisha.

Barabara yenyewe haina taabu. Kutoka Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110, lami tupu, ukipita Ngaramtoni na Oldonyo Sambu, Mlima Meru ukiwa kulia kwako, kisha Longido. Taabu ni mwendo. Baada ya Oldonyo Sambu nchi inafunguka, dereva anajisahau, na ng’ombe wa Wamasai hawana habari na ratiba ya mtu. Wakati mwingine ni twiga. Ni vizuri kuondoka alfajiri, na ni vibaya kupanga kurudi usiku.

Mwenye gari abebe kadi halisi ya gari, na kama si lake, barua ya mwenye gari. Bima ya kawaida ya Tanzania haimlindi akiwa Kenya. Aombe kwa kampuni yake ya bima Kadi ya Njano ya COMESA kabla ya kuondoka, asingoje wale vijana wa mpakani wanaokimbilia gari wakiwa na vitabu vya stakabadhi.

Namanga siku hizi ni kituo kimoja cha pamoja, kilichozinduliwa Desemba 2018 na Rais Magufuli na Rais Kenyatta. Wengi bado wanachanganyikiwa. Ukienda Kenya husimami kwenye jengo la Tanzania, unapitiliza hadi jengo la Kenya, na humo unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia. Ukirudi, mambo yote yanamalizikia jengo la Tanzania. Wazee wa Arusha wanaokumbuka mpaka huu ulivyofungwa Februari 1977, ukakaa hivyo hadi Novemba 1983, wakiingia humo huangaza macho kila upande. Kulikuwa na watu ambao hawakuwaona ndugu zao miaka yote hiyo.

Fedha zibadilishwe benki au kwenye duka la fedha. Barabarani mtu anaweza kupewa noti za zamani za shilingi 1,000 za Kenya, ambazo zilikoma kutumika tarehe 30 Septemba 2019, na mgeni hajui tofauti. Mifuko ya plastiki iachwe nyumbani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, na bado kuna akina mama wanaofungasha vitumbua vya safari humo.

Jambo la mizigo lisichukuliwe kwa utani. Mirungi inauzwa hadharani Kenya na watu wanaitafuna mchana kweupe. Upande wa Tanzania ni dawa za kulevya, na anayekamatwa nayo ana kesi. Kwa hiyo kijana mpole anayeomba “mama, nifikishie tu kifurushi hiki Arusha, kuna mtu atakupokea” akataliwe kwa upole uleule, hata kama amekuamkia vizuri. Kifurushi cha ndugu nacho kifunguliwe kionekane. Ndugu wa kweli hatakasirika.

Na kama mtoto amezuiliwa? Kwanza, asigombezwe mbele ya dirisha. Si yeye aliyesahau cheti. Pili, asivushwe kwa bodaboda huku watu wazima wakipita kwenye jengo. Ushauri huo hutolewa pale pale nje na watu wenye huruma ya kulipwa, na ndio hasa njia ya kumpoteza mtoto.

Yule mama mkubwa alipewa ushauri huo mara mbili kabla hajapata Noah. Alikataa. Cheti kililetwa na kaka yake alipokuwa akirudi, pamoja na barua iliyosainiwa na wazazi wote wawili. Hati ya dharura ikapatikana wiki iliyofuata, na safari ya pili wakapanda shuttle. Dirishani binti alitoa bahasha yake mwenyewe, akaisukuma mbele kabla hajaulizwa. Mama yake alikuwa akimsubiri stendi ya Kitengela na mtoto mgongoni. Mtori ulishakwisha siku nyingi.