Kamisheni ya Kijana Aliye Chuoni



Mama mmoja wa Kisauni ametuletea swali. Mwanawe asoma chuo huko Meru, na likizo hii hatashuka Pwani. Amepata kazi ya kuuza taa za sola vijijini, upande wa Kanyakine, Imenti Kusini. Mshahara hana. Akiuza hupata kamisheni, asipouza hapati kitu. Mama ataka kujua kama pato hilo ni halali, na kama hiyo ni kazi au mwanawe achezewa.

Juu ya uhalali hatuna shaka. Imamu Bukhari amenukuu kwamba Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Mafakihi nao hutofautisha ijara, ambayo ni ujira wa kazi au muda maalumu, na ju'ala, ambayo hulipwa jambo linapotimia. Miongoni mwa dalili za ju'ala ni kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), pale atakayeleta kopo la mfalme alipoahidiwa shehena ya ngamia. Tazameni basi: hakuahidiwa "kitu kizuri". Aliahidiwa kipimo kinachojulikana.

Hivyo kijana na aulize kabla ya kutoka nyumbani. Ni shilingi ngapi kwa kila taa? Hulipwa lini? Nauli ya bodaboda hadi Mitunguu ni juu ya nani? Na mteja anayelipa kidogo kidogo akikwama katikati, kamisheni hurudishwa? Hili la mwisho ndilo lisahaulikalo, nalo laweza kumla faida ya mwezi mzima. Ama kampuni inayomtoza ada ya kujisajili, au inayomwambia kwamba pato lake litatokana na kuwaingiza wenzake, hiyo haiuzi taa, yawauza wanafunzi. Aikimbie.

Kazi yenyewe ni chuo cha pili. Meru ni nchi ya migomba, kahawa na majani chai, na fedha za mkulima huja kwa msimu. Wa chai hungojea bonasi yake kuelekea Oktoba. Asiyeyajua hayo atabisha hodi nyingi bure. Na aanze kwa kuamkia "muga", kisha asikilize, bei ije baadaye.

Twamkumbuka Urwa al-Bariqi (R.A.). Mtume (S.A.W.) alimpa dinari moja amnunulie kondoo, akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo pamoja na dinari ile. Akaombewa baraka katika biashara yake. Ustadi wa kuuza alikuwa nao, lakini faida aliirejesha kwa mwenye mali. Kijana wetu naye yuko kati ya wawili: asimfiche mkulima kwamba betri huchoka, wala asiifiche kampuni fedha aliyopokea.

Wazazi wa Pwani twapenda sana meza ya serikali, hata tukamwonea haya mtoto anayetembeza bidhaa. Haya ya nini, ilhali Mtume (S.A.W.) alikwenda Sham na mali ya Bi. Khadija (R.A.) kabla ya utume?

Jibu letu kwa mama ni kwamba amruhusu, kwa sharti la mapatano yaliyoandikwa. Wakikataa kuandika, na ashuke Nkubu akaombe nafasi katika duka la pembejeo, hata kwa likizo hii moja.